Mtaa Mmoja, Mikutano Miwili

Wengi tunaoishi Mikocheni tunaijua ofisi ya serikali ya mtaa kwa mhuri wake. Unakwenda pale ukihitaji barua ya utambulisho: ya kufungulia akaunti benki, ya kuombea mkopo, ya kitambulisho cha NIDA, ya pasipoti, ya kumdhamini ndugu aliyeshikiliwa polisi. Unamkuta mtendaji wa mtaa, unaeleza shida yako, anaandika, anagonga mhuri, unashukuru na kuondoka. Kwa miaka mingi uhusiano wangu na serikali iliyo karibu nami kuliko zote uliishia hapo. Majina ya mawaziri nilikuwa nayo kichwani karibu yote. La mjumbe wa kamati ya mtaa wangu sikuwa nalo hata moja.

Leo sikosi mkutano mkuu wa mtaa. Nina daftari langu la maazimio, na majirani hunipigia wakitaka kujua jambo fulani liliamuliwa lini na nani aliagizwa kulitekeleza. Kilichonigeuza ni mafunzo ya mtandaoni kuhusu utawala wa mitaa na demokrasia ya kidijitali, niliyoyafuata mwaka 2024 nikiwa mezani kwangu, pamoja na watu wa mabara manne ambao mpaka sasa sijapata kushikana nao mikono. Natoa ushuhuda huu kwa sababu naamini mafunzo ya aina hii yana nguvu, na kwa sababu nimeona pia ni wapi nguvu hiyo inakatika.

Kazi yangu ni kutunza vitabu vya hesabu vya biashara ndogo. Mpwa wangu ndiye aliyenitumia linki, akisema, "Mama mdogo, wewe unayelalamikia taka na mitaro kila siku, jiunge na hawa." Tukawa tunakutana jioni kwa saa zetu, kwa Kiingereza, kwa video. Umeme ukikatika nilihamia kwenye simu, bando likiisha nilisoma maandishi tu. Hayo yote anayejifunza mtandaoni Dar es Salaam anayafahamu, sina haja ya kuyarefusha.

Kazi ya kwanza tuliyopewa ilikuwa fupi. Kila mshiriki aeleze ngazi ya chini kabisa ya serikali anakoishi: nani anaitisha mkutano, nani ana haki ya kukaa humo, nani husema, na kilichoamuliwa kinapelekwa wapi. Nilikaa mbele ya karatasi nikaona sina cha kuandika. Kesho yake nikaenda kwa mtendaji, safari hii bila shida ya barua. Ni kijana, aliniamkia, akanivutia kiti, akaniuliza nimekuja kushtaki nani. Nilipomwambia nimekuja kujifunza, alifunga faili lililokuwa mbele yake na kunieleza kwa uvumilivu ambao sikuutarajia kwenye ofisi yenye foleni. Mtaa uko ndani ya kata, kata iko ndani ya manispaa, na manispaa yetu ni Kinondoni. Mwenyekiti na wajumbe wa kamati huchaguliwa na wakazi kila baada ya miaka mitano. Mtendaji ni mwajiriwa. Kisha upo mkutano mkuu wa mtaa, ambao wajumbe wake ni wakazi wenyewe waliotimiza miaka 18. Maana yake nilikuwa mjumbe tangu siku niliyohamia Mikocheni, na nafasi yangu ilikuwa ikikaa wazi.

Usiku ule nilisoma Ibara ya 145 na ya 146 za Katiba, zinazosema kuwa serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Nikasoma pia sheria ya mamlaka za miji ya mwaka 1982, na nikarudi nyuma kutafuta kwa nini sheria hiyo ilitungwa. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa nchini, kazi zake zikakabidhiwa watumishi wa serikali kuu mikoani na wilayani. Barabara, zahanati na shule za msingi vikakosa mwenyewe wa karibu, na miaka kumi baadaye Bunge likapitisha sheria za kuzirudisha. Mwalimu Nyerere mwenyewe alisema mwaka 1984 kwamba kama angepewa kuanza upya, kufuta serikali za mitaa na vyama vya ushirika ni mambo ambayo asingeyafanya. Nilipoyajua hayo, ile ofisi ya mhuri nikaanza kuiona kwa jicho jingine. Ni kitu ambacho nchi hii ilikipoteza, ikakilipia, ikakirudisha.

Nilipowasilisha kazi yangu, mama mmoja wa Ufilipino aliniandikia kwamba ngazi kama mtaa wetu wao wanaiita barangay, na sheria yao ya mwaka 1991 inataka wakazi wake wakutane angalau mara mbili kwa mwaka. Mshiriki wa Kampala alieleza baraza lao la ngazi ya chini kabisa, LC1, na jinsi mwaka 2018 walivyochagua wenyeviti kwa kupanga mistari nyuma ya wagombea. Nikamwuliza: anayekopa unga kwa mgombea mmoja anawezaje kusimama nyuma ya mwingine? Akajibu kuwa mtaani kwake wako waliobaki nyumbani siku hiyo kwa sababu hiyo hiyo. Tulisoma habari za Porto Alegre nchini Brazil, ambako tangu mwaka 1989 wakazi walianza kukaa na kupanga sehemu ya bajeti ya jiji lao, na za Estonia, ambako mwaka 2005 watu walipiga kura ya serikali za mitaa kwa intaneti. Nami nilipoombwa mfano wa nyumbani nilileta Ramani Huria. Kuanzia mwaka 2015 wanafunzi wa vyuo vyetu na wakazi wa kata zinazokumbwa na mafuriko walitembea uchochoro kwa uchochoro wakichora mitaro, madaraja na nyumba, na ramani ikawekwa wazi kwa yeyote kuitumia. Kabla ya hapo, Tandale, iliyo ndani ya manispaa hii hii ya Kinondoni, ilikuwa imeshachorwa na watu wake tangu mwaka 2011. Darasa lilinyamaza kusikiliza. Walikuwa wamezoea kusikia kwamba teknolojia inatoka kwao kuja kwetu.

Lakini somo lililonikaa zaidi halikuwa kwenye ratiba. Lilikuwa ni namna watu wanavyopingana.

Kijana wa Tallinn alimwambia mkufunzi mbele yetu sote, kwa sentensi moja, kuwa mfano wake haufai. Nilishtuka. Mimi nimekulia katika vikao ambamo unayempinga unaanza kwa kumshukuru, kisha unaomba kuongezea pale alipoishia, na nyongeza yako ndiyo inayoiangusha hoja yake yote. Kila aliyepo anaelewa kilichotokea na hakuna aliyevunjiwa heshima. Wenzetu wa Ulaya kwa wiki kadhaa waliamini kuwa sisi wa Afrika Mashariki na yule mama wa Ufilipino tunakubaliana na kila kitu. Ndipo nilipoandika ukurasa mzima wa kuwaeleza jinsi ya kuusikia upinzani katika kikao cha Kitanzania. Mtu akisema "nakubaliana na mwenyekiti, ila", sikiliza kinachokuja baada ya hiyo "ila". Wazee wakikaa kimya baada ya hoja kusomwa, hoja haijapita. Mama akisema "tutaangalia", amekataa. Ukurasa ule ulizungushwa darasani, na mkufunzi akaomba abaki nao kwa ajili ya wanaofuata.

Nao walinionyesha upande ambao sikuwa nimeutazama. Binti mmoja aliniuliza swali la kweli: katika vikao hivyo, nani hawezi kuongezea? Nilifikiri siku nzima. Kijana wa miaka 20 hawezi kuongezea kwa mzee wa miaka 70 aliyemfundisha madrasa. Mpangaji hawezi kuongezea kwa mwenye nyumba anayemdai kodi. Dada wa kazi hawezi kuongezea kwa mama mwenye nyumba aliyekaa kiti cha mbele. Heshima yetu naipenda na sitaki tuiache, ila ina gharama, na wanaoilipa ni wale wale. Katika mafunzo yetu niliona kwa macho yangu kwamba walionyamaza kwenye video waliandika kurasa mbili usiku, na waliokuwa wagumu kuandika walituma ujumbe wa sauti. Njia zilikuwa nyingi, na kila mmoja alipata yake ya kupitia.

Wakati huo mama yangu, ambaye ni mtu mzima sana sasa, alikuwa amekuja kukaa kwangu kwa matibabu. Aliniuliza ninazungumza na nani usiku. Nilipomweleza, akasema, "Kumbe ni kile cha redio." Nikamwomba anisimulie. Mwaka 1973 alikuwa katika kikundi cha Mtu ni Afya kijijini kwao. Walikusanyika uani kwa mwenye redio, wakasikiliza kipindi, kisha kiongozi wa kikundi akasoma kijitabu, wakajadili, na kabla ya kuachana wakaamua la kufanya wiki hiyo: kuchimba choo, kufyeka nyasi, kuchemsha maji. Kampeni ile ilifikia watu karibu milioni mbili nchini. Na kabla yake, mwaka 1970, kulikuwa na nyingine ya redio iliyoitwa Uchaguzi ni Wako, ya kuwafundisha watu uchaguzi wa mwaka ule. Elimu ya uraia kwa njia ya mbali, kwa hiyo, ina zaidi ya nusu karne katika nchi hii. Hata Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria mwaka 1992, makao yake makuu yako hapa hapa Kinondoni, na watu wengi wamesoma humo bila kuacha kazi wala familia.

Nilichokipata kwa mama ni kile kipande ambacho mafunzo yangu yalikikosa, yaani kikundi na uamuzi wa wiki. Mimi nilikuwa nikisikiliza peke yangu, nikizima kompyuta, nikilala. Basi nikawaalika watu nyumbani. Alikuja mama lishe anayepika karibu na kona yetu, kijana wa bodaboda, mzee jirani aliyestaafu kazi bandarini, na mlinzi wa nyumba ya tatu siku alizokuwa na zamu ya mchana. Nikawa ninawafasiria. Mada ikiisha, tunazima na kuulizana: hili kwetu likoje, na wiki hii tufanye nini? Hapo ndipo mafunzo yalipoanza kunibadilisha. Kabla ya hapo yalikuwa yakinipa maarifa tu.

Jambo la kwanza tulilolifanya lilihusu uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024. Uandikishaji ulikuwa wa siku kumi, kuanzia tarehe 11 hadi 20 Oktoba, na watu wengi mtaani walikuwa wakisema wao hawana haja ya kwenda kwa kuwa wana kadi ya mpiga kura. Hawakujua kuwa orodha ya wapiga kura wa mtaa ni nyingine kabisa na lile Daftari la Kudumu la uchaguzi mkuu. Mama lishe alilieleza hilo kwa kila aliyenunua chai asubuhi. Kijana wa bodaboda aliwaeleza abiria na wenzake kijiweni. Mimi niliandika kwenye kundi la WhatsApp la wakazi wa barabara yetu, nikapata alama za dole gumba, na siku ya kujiandikisha sikuwaona kituoni wengi wa walionipa alama hizo. Waliokuwa kwenye foleni walikuwa wateja wa mama lishe.

Hapo nikaelewa kitu kuhusu Mikocheni ambacho nilikuwa nikipishana nacho kila siku. Eneo letu lina kuta ndefu na mageti ya chuma, ofisi za mashirika, hospitali na maduka makubwa kando ya Barabara ya Mwai Kibaki. Nyuma ya kuta hizo na kati yake wanaishi na kufanya kazi walinzi, madada wa kazi, watunza bustani, mafundi, wauza mboga, vijana wa bodaboda. Mtaa ni mmoja, lakini mikutano ni miwili. Wenye mageti wanakutana kwenye simu na hawaji kwenye mkutano wa hadhara. Wanaokuja kwenye mkutano wa hadhara, wakakaa kwenye viti vya kuazima, hawamo kwenye kundi la simu. Na kila mkutano unaamini kuwa wenyewe ndio mtaa.

Mwaka 2025 mikutano hiyo iligongana. Kulikuwa na wizi wa vioo vya pembeni vya magari. Jioni moja mtu aliandika kwenye kundi kwamba tuweke geti pande zote mbili za barabara, lifungwe usiku, na mchana waingie wakazi na wageni wao tu. Dole gumba likafuatiwa na dole gumba. Kabla ya saa nne usiku fundi alikuwa ameshaulizwa bei. Nilisoma yote yale nikiwa na jambo moja kichwani, swali tulilofundishwa kuliuliza kila mara: nani anahusika na hayumo humu? Barabara ile ndiyo njia ya mkato ya watoto kwenda shule. Mama lishe anapika mwisho wake. Wauza mboga hupita asubuhi. Na yenyewe ni barabara ya umma. Barabara za aina hiyo mijini zinasimamiwa na TARURA tangu mwaka 2017, kwa hiyo hata mtaa wenyewe usingeweza kuifunga kwa uamuzi wa jioni moja.

Sikuandika kwamba wamekosea. Niliandika, "Nashukuru kwa mawazo haya, sote tumechoka kuibiwa. Naomba kuongezea." Nikapendekeza tujaribu mbinu tuliyojifunza kutoka Taiwan. Kule, mwaka 2015, walipokuwa na mgogoro kuhusu teksi za Uber, walitumia mfumo uitwao Polis. Mtu anaandika sentensi fupi yenye wazo moja. Wengine wanaijibu kwa kukubali, kukataa, au kuipita. Hakuna kitufe cha kujibizana, kwa hiyo hakuna matusi ya kurushiana. Kisha mfumo unapanga watu kwa jinsi maoni yao yanavyofanana, na unaonyesha sentensi ambazo hata wasioelewana wanazikubali. Sisi hatukuuhitaji mfumo wenyewe. Tulihitaji utaratibu wake.

Tulikusanya sentensi pande zote. Zile za kwenye simu tuliziweka kama kura za WhatsApp. Zile zile tuliziandika kwenye karatasi, tukaziweka dukani kwa Mangi, kwa mama lishe na kijiweni, pamoja na makopo matatu: ndiyo, hapana, sina uhakika. Wasiosoma walisomewa na binti aliyemaliza kidato cha nne, ambaye tulimwomba asome tu, asieleze. Juu ya ramani huria tuliweka alama za njia ambazo watu hupita kwa miguu, tukaichapa na kuibandika ukutani. Mwenyekiti wa mtaa, ambaye kazi yake haina mshahara, alitupa baraka zake na kuweka jambo hilo kwenye ajenda ya mkutano mkuu.

Kuhusu kufunga barabara mchana, pande mbili zilitofautiana kama tulivyotarajia. Lakini ilikuwamo sentensi moja iliyoletwa na mlinzi. Ilisema: vioo huibwa saa ambayo walinzi wanapokezana zamu. Kila nyumba ilikuwa inabadilisha mlinzi saa kumi na mbili, asubuhi na jioni, na kwa dakika kadhaa barabara nzima ilikuwa haina anayeitazama. Walinzi wote walilijua hilo. Wezi nao walilijua. Waliokuwa hawalijui ni sisi wenye magari, kwa kuwa hatukuwahi kuwauliza. Sentensi ile ilipita kwa ndiyo nyingi kuliko zote, kwenye simu na kwenye makopo.

Kwenye mkutano mkuu walikuja watu wa nyuma ya mageti ambao sikuwahi kuwaona wakitembea kwa miguu. Yule mlinzi alisimama, akaamkia, "Shikamooni wazee," akaieleza sentensi yake mbele ya mwajiri wake. Alisikilizwa mpaka mwisho. Mzee mmoja mwenye nyumba kubwa alitetea geti kwa nguvu, na alikuwa na haki yake. Mke wake alikuwa ametishiwa kisu kwenye kona yetu. Hakuna aliyemzomea. Mwishowe iliamuliwa geti lisiwepo, nyumba zipishane saa za kubadilisha zamu, walinzi wapeane namba za simu, na michango ya ulinzi shirikishi itolewe risiti na hesabu zake zibandikwe kwenye ubao wa ofisi. Mzee yule alikubali kwa sharti kwamba kona iwekwe taa. Wizi haujakoma, ila umepungua, na mlinzi yule sasa ni mmoja wa wasimamizi wa ulinzi wetu.

Kuhusu taa tuliandika barua kwa kutumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayompa ofisa taarifa siku 30 za kujibu, tukiuliza kama barabara yetu imo kwenye mpango wa mwaka. Jibu lilikuja ndani ya muda: haimo. Kwa mwandishi wa hesabu kama mimi, hiyo ni taarifa yenye thamani. Ukijua kitu hakimo kwenye mpango, unajua pa kukipeleka, nasi tulimpelekea diwani kabla ya kikao cha Kamati ya Maendeleo ya Kata. Namba za walinzi nazo zilizua swali zuri. Mama mmoja aliuliza kama tuna ruhusa ya kuzisambaza ovyo kwenye kundi, maana tangu mwaka 2022 kuna Sheria ya Kulinda Taarifa Binafsi. Tukakubaliana kuwa orodha ikae kwa wasimamizi na mtendaji, na kila mlinzi aulizwe kwanza.

Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini, na ilipita siku kadhaa kabla haijarudi. Mtandao wa X ulikuwa umeshafungiwa tangu Mei mwaka huo. Zilikuwa siku za maandamano, vifo, na amri ya kutotoka nje usiku katika jiji letu. Siwezi kuziandika kwa wepesi. Nitasema lile tu linalohusu ushuhuda wangu. Kundi la WhatsApp lilinyamaza kabisa. Kilichobaki mtaani ni ile orodha ya karatasi ya walinzi, daftari, na watu waliojuana kwa sura kutokana na mikutano. Tulipigiana simu za kawaida kuulizana nani yuko wapi, nani hajarudi, nani hana chakula. Nyumba zenye akiba ziliwagawia walioshindwa kutoka. Intaneti iliporudi, niliwaandikia wenzangu wa mafunzo. Yule wa Kampala akanijibu kuwa wao walipitia kuzimiwa kama huko Januari 2021, wakati wa uchaguzi wao, na kwamba tangu hapo kikundi chake hakiachi kitu kwenye simu pekee.

Tangu siku zile nina msimamo ambao mafunzo hayakunipa, na ninawaandikia walimu wangu bila kuchoka. Demokrasia ya kidijitali inafundishwa kana kwamba mtandao ni ardhi, upo tu. Kwetu mtandao una swichi, na swichi hiyo haiko mikononi mwa wakazi. Kwa hiyo kila hatua inayofanyika kwenye simu lazima iwe na mwenzake wa karatasi: kura ya simu na kopo, tangazo la kundi na ubao, kumbukumbu ya kompyuta na daftari. Nimewaomba pia mafunzo haya yatolewe kwa Kiswahili, kwa sauti kama ile redio ya mama, ili mama lishe asihitaji mkalimani. Na kabla ya kumpa mtu cheti, wamwombe nakala ya muhtasari wa mkutano mmoja wa mtaa wake aliohudhuria. Walimu wamelikubali la mwisho. La Kiswahili tumeanza wenyewe. Ninarekodi vipindi vifupi, na binti yule wa kidato cha nne ananisahihisha pale ninaposema kama kitabu.

Hoja iliyo mezani sasa ni mfereji. Kila masika unajaa na kumwaga maji barabarani, hadi vyumbani kwa wapangaji wa upande wa chini. Kwenye simu wanataka ufunikwe kwa zege na vibanda vilivyo juu yake viondolewe. Wenye vibanda wanasema wao ndio wanaouzibua kila wiki kwa mikono yao, na kwamba taka zinazouziba zinashuka kutoka kwenye mageti ya juu. Sentensi hizo mbili ndizo za kwanza kwenye orodha mpya. Zinatoka Jumamosi hii, kwenye makopo na kwenye simu kwa wakati mmoja, na mwenyekiti ameshatangaza siku ya mkutano.